Triathloni ndefu ya kwanza: Maji mengi si afya kila wakati

Kama wewe ni mpenzi wa mbio, huenda kilomita kumi zimeshakuwa za kawaida kwako na sasa unatafuta jambo litakalokutoa jasho kweli kweli. Basi lipo. Linaitwa triathloni: unaogelea, ukitoka majini unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia. Saa haisimami katikati. Hata muda unaotumia kuvaa viatu unahesabiwa.

Zipo fupi na zipo ndefu. Ile ya Olimpiki, iliyoingizwa kwenye michezo hiyo kule Sydney mwaka 2000, ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na mbio kilomita 10. Ile inayojulikana kwa jina la Ironman ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, halafu marathoni nzima ya kilomita 42.2! Kwa kawaida unapewa saa 17 uwe umemaliza. Ipo pia nusu yake, na usidhani ni mambo ya Ulaya tu: Agosti 2022 hiyo nusu ilifanyika Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, jirani kabisa na Goma.

Hii ndefu ilianzia Hawaii tarehe 18 Februari 1978. Wanaume 15 walianza, 12 wakamaliza. Gordon Haller alishinda kwa saa 11 na dakika 46. Lakini wa kumwangalia hapa ni John Dunbar, aliyeshika nafasi ya pili. Wakati wa marathoni watu waliokuwa wakimsaidia waliishiwa maji, wakampa bia. Alimaliza, ila nyuma ya Haller kwa zaidi ya nusu saa. Unacheka? Leo hakuna atakayekupa bia njiani, lakini swali la ninywe nini na kiasi gani bado linawaangusha wengi. Tena siku hizi kosa linaweza kuwa la upande wa pili.

Maji yanaweza kukudhuru?

Ndiyo, yanaweza. Tumezoea kuambiwa kunywa maji mengi ni afya, na kweli ukitokwa jasho juani saa sita mchana lazima unywe. Ukipungukiwa maji utasikia kizunguzungu, mkojo utakuwa wa rangi ya chai na nguvu zitakwisha. Hilo kila mtu analijua.

Lisilojulikana ni hili. Jasho linatoka na chumvi. Ukinywa maji matupu kila kituo, chupa baada ya chupa, hata pale ambapo huna kiu, damu yako inazimuliwa kama chai iliyoongezwa maji. Chumvi inashuka, maji yanaingia kwenye seli, na seli za ubongo zinavimba ndani ya fuvu lisiloweza kutanuka. Kichwa kinauma, unatapika, pete inabana kidoleni, unaanza kuongea ovyo. Ikizidi ni degedege, na watu wamekufa. Kwenye marathoni ya Boston ya mwaka 2002 wataalamu walipima damu za wakimbiaji 488 mwisho wa mbio, na asilimia 13 walikuwa na chumvi pungufu. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliomaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza, yaani waliokunywa kupita walichotoa, na wale waliokaa barabarani muda mrefu. Sasa jiulize, wanaokaa barabarani muda mrefu ni nani? Ni wageni wa mchezo, mimi na wewe, si mabingwa.

Ubaya wake ni kwamba rafiki akikuona umechanganyikiwa atadhani una kiu, akuongeze maji. Mwenzako akiwa hivyo usimpe kitu. Mwite mganga wa mashindano haraka.

Kwa hiyo kunywa ukisikia kiu, usinywe kwa sababu kituo kimefika. Njia rahisi ya kujijua ni mizani. Jipime kabla ya zoezi refu na baada yake. Ukipungua kidogo, sawa. Ukiongezeka, jua ulizidisha.

Na chakula je?

Sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini inatosha kwa kama saa mbili tu za kazi ngumu. Wewe utakuwa njiani saa sita, kumi, hata kumi na tano. Mwaka 1982, Hawaii hiyo hiyo, msichana wa miaka 23 aitwaye Julie Moss, mwanafunzi wa chuo, alikuwa akiongoza wanawake. Mita chache kabla ya mstari miguu ilikataa. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena, mwisho akatambaa kwa mikono na magoti huku mwenzake akimpita na kushinda. Watu wengi waliiona kwenye televisheni wakamsifu kwa moyo wake. Nami namsifu, ila ukimuona mwenzako amefika hapo, usikae pembeni kumpigia makofi. Mwili unaotambaa unahitaji mganga.

Kula kidogo kidogo tangu ukiwa juu ya baiskeli, maana tumbo halipendi kushughulika wakati wa kukimbia. Si lazima vile vipakiti vya dukani vya bei mbaya. Ndizi mbivu, tende, soda iliyokwisha gesi, viazi vilivyochemshwa na chumvi, vyote vinafanya kazi. Muhimu ni kuvijaribu mazoezini. Ukila kitu kigeni siku yenyewe, utajua choo kiko wapi.

Halafu kuna vidonge. Wengine humeza ibuprofen au diklofenaki asubuhi ya mashindano ili wasisikie maumivu. Acha. Figo zinakuwa tayari zimebanwa na joto na upungufu wa maji, na dawa hizo zinapunguza zaidi damu inayokwenda kwenye figo.

Dada, hili ni lako. Ukifanya mazoezi makali bila kula vya kutosha, hedhi inaweza kukatika. Usidanganywe na mtu kwamba ndiyo dalili ya kuwa fiti. Ni mwili unabana matumizi, na mifupa inadhoofika kimya kimya mpaka inapata nyufa. Kwanza hakikisha huna mimba. Kama huna, ongeza chakula, punguza zoezi, nenda kituo cha afya ueleze bila haya. Na kaka usijione umepona, mifupa yako nayo inadai chakula.

Kuogelea ndiko kunakotisha

Kwenye bwawa unaona chini na unashika ukingo. Ziwani au baharini huoni kitu, mawimbi yanakupiga usoni, mtu anakukanyaga bega. Pumzi zinapanda, unahisi unazama. Ukishikwa na hofu hiyo geuka chali, elea, pumua taratibu. Katika mashindano mengi unaruhusiwa kushika mtumbwi wa waokoaji upumzike, mradi usikusogeze mbele. Usifanye mazoezi majini peke yako hata siku moja, hata kama wewe ni samaki. Na kama uko Mwanza au Kisumu, kumbuka Ziwa Victoria lina kichocho. Konokono wake hupenda ufukweni penye majani na maji yaliyotulia. Ukiwa umeogelea huko, nenda ukapimwe. Dawa ipo na inatibu.

Baiskeli haihitaji kuwa ya laki nyingi, inahitaji breki zinazoshika. Helmeti ni lazima, bila hiyo huanzi. Jifunze kubadili tyubu mwenyewe, kwani pancha haimjui bingwa na mshikaji wako haruhusiwi kuja kukusaidia. Kisha mara moja kwa wiki ukishuka kwenye baiskeli kimbia hapo hapo, hata dakika kumi na tano. Mara ya kwanza miguu itakuwa kama magogo. Itazoea.

Kwa mtu ambaye tayari anakimbia, nusu inahitaji kama miezi minne au mitano ya maandalizi, na ile nzima zaidi ya hapo. Ukiwa na homa pumzika, usijikaze kiume, maana mazoezi juu ya homa yanaweza kuumiza moyo. Ukiwahi kuzimia ukikimbia, au kusikia kifua kikibana, au kama kwenu kuna kijana aliyefariki ghafla, muone daktari kabla ya kuanza chochote.

Ada za mashindano makubwa zinafika dola mia kadhaa, na hapo hujalipa nauli. Hiyo isikuzuie. Tafuteni bwawa, barabara isiyo na magari mengi, na mtu mmoja mwenye saa na daftari. Anzeni na mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na 5 za mbio. Asiyejua kuogelea mmoja asimamie matunda na maji, naye asimlazimishe mtu kunywa.