Wamemaliza sekondari: tuwape daftari la kakao

Egzamen ya serikali imekwisha. Hapa Mbau vijana wetu wanangoja matokeo. Vyuo vikuu viko Beni na Butembo, lakini pesa ya kujiandikisha inatoka kwa kakao, na kuna mashamba wazazi hawafiki tena juu ya vita. Basi kijana asikae bure, wala asitumwe mbali porini. Tumuweke kwenye depo ya koperative: apime, aandike, ahesabu siku 5 ao 6 za kuchachusha, ageuze mbegu kwenye jua. Kilo 100 mbichi hutoa karibu 40 kavu. Anayejua hesabu hiyo, mnunuzi hawezi kumdanganya. Na tumulipe. Mama mmoja alituuliza: «Na mabinti?» Mizani haiulizi. Wazazi, muandikishe majina mbele mavuno makubwa yaanze.