Njia isiyo na magari yawa mtaji kando ya Ziwa Kivu

Na Mwandishi Wetu

WAKULIMA wengi wakisikia barabara ya vumbi huona hasara: lori limekwama, nyanya zimeoza, mnunuzi ameshusha bei. Lakini katika milima ya magharibi mwa Rwanda ipo njia ya udongo na changarawe ambayo watu hupanda ndege kutoka mbali kuja kuipita, na wanachokifuata ni kwamba magari hayapiti, au hupita kwa nadra.

Njia hiyo inaitwa Congo Nile Trail. Ina urefu wa kilomita 227, kuanzia Rubavu, mji uliojulikana zaidi kwa jina la Gisenyi, hadi Rusizi kusini, ikifuata ufukwe wa Ziwa Kivu kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke. Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB) huitangaza kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Mtembeaji hupangiwa vituo kumi, na wa baiskeli hutumia takriban siku tano.

Jina lake linatokana na mgongo wa milima unaogawa maji. Mvua inayonyesha upande wa magharibi huingia Ziwa Kivu, ikashuka kwa mto Rusizi hadi Ziwa Tanganyika, kisha kwa mto Lukuga hadi mto Kongo. Inayonyesha upande wa mashariki huenda Nyabarongo, Akagera na Ziwa Victoria, na mwisho wake ni mto Nile.

Njia yenyewe iko upande wa ziwa. Hupanda kilima, ikashuka bonde la mto, ikavuka daraja, ikapanda tena. Kati ya bonde na bonde kuna migomba, kahawa, chai na vipande vya misitu ya mikaratusi. Kusini kabisa, juu ya mashamba ya chai ya Nyamasheke, unaanza msitu wa asili wa Nyungwe, ambao mwaka 2023 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Baiskeli inayotumika katika safari hizi si ile nyembamba ya mashindano ya lami, wala si ile nzito yenye springi ya kurukia mawe. Ina usukani uliopinda kama wa mbio, tairi pana za milimita 40 hadi 50, na gia nyepesi za kupandia milima. Mizigo hufungwa kwenye fremu na nyuma ya kiti. Mwenye baiskeli hiyo hakimbizani na mtu. Anatafuta njia ndefu ambayo hatapigiwa honi wala kurushiwa vumbi na basi.

Mwendo wa pole ndiyo bidhaa

Mtalii wa gari anaweza kutoka Rubavu asubuhi na kulala Rusizi siku hiyo hiyo. Vijiji vya katikati ataviona dirishani tu, na fedha yake itaishia hotelini na kituo cha mafuta.

Wa baiskeli hawezi. Kilomita 227 ukizigawa kwa siku tano ni kilomita 45 kwa siku, na kwa milima ile hizo zinatosha kumchosha mtu mwenye afya. Lazima ale, anywe, alale na kufua nguo njiani.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Kundi la watu 10 likisafiri siku tano linalala njiani usiku nne. Hivyo ni vitanda 40, chakula cha jioni sahani 40 na vifungua kinywa 40. Kila mmoja akila mayai mawili asubuhi, ni mayai 80, karibu trei tatu. Bado ndizi, parachichi, viazi, maziwa, samaki na kahawa.

Vitu hivyo havihitaji kuagizwa mjini. Vipo shambani na ziwani. Ziwa Kivu lina dagaa waitwao sambaza, ambao asili yao ni Ziwa Tanganyika. Walipandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imeunganishwa kwa miti mirefu, na asubuhi sambaza wakiwa wabichi wanaweza kuingia jikoni kwa mgeni.

Faida hiyo, hata hivyo, haiji yenyewe. Kama mwenye nyumba ya wageni ananunua mayai na mboga mjini, mkulima wa jirani atabaki akiwapungia mkono wageni wanaopita. Ushirika unaokubaliana na mwenye nyumba juu ya bei, kiasi na siku ya kupeleka mazao ndio unaoweza kufaidi.

Baiskeli na kahawa

Kabla ya watalii, njia hizi zilikuwa za mkulima, na baiskeli ilikuwa lori lake. Kahawa inaeleza sababu. Matunda mabivu yakishachumwa yanatakiwa kumenywa siku hiyo hiyo. Yakilala kwenye gunia huanza kuchacha, ladha inaharibika na daraja linashuka.

Ndiyo maana umbali kati ya shamba na kituo cha kuoshea kahawa una bei yake. Anayebeba gunia kichwani na anayelisukuma kwa baiskeli hawafiki saa moja, wala hawafiki na kahawa ya ubora mmoja.

Tom Ritchey, Mmarekani aliye miongoni mwa waanzilishi wa utengenezaji wa baiskeli za milimani, aliliona jambo hilo alipotembelea Rwanda mwaka 2005. Kupitia mradi wa Project Rwanda ilibuniwa baiskeli yenye sehemu ndefu ya nyuma, maalumu kwa kubeba magunia ya kahawa. Harakati hizo hizo zilichangia kuzaliwa kwa timu ya baiskeli ya Rwanda.

Septemba 2025 mji wa Kigali uliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Mashindano hayo yalikimbiwa kwenye lami na mawe ya mjini, lakini yalifanya waendesha baiskeli wengi duniani waitazame ramani ya Rwanda.

Lami imekuja, njia ya zamani je?

Hapa ndipo penye mtihani. Barabara ya lami ya ukanda wa Kivu sasa inaunganisha Rubavu, Karongi na Rusizi. Kwa mkulima ni neema: lori linafika, mgonjwa anawahishwa hospitali, mbolea inashuka karibu na shamba. Hakuna haki katika kumwambia abaki na tope ili mgeni apige picha.

Lakini lami ikipita juu ya njia ya zamani, msafiri wa baiskeli hurudi kati ya malori, na sababu ya kuja inapungua. Kinachosaidia ni kugawana: malori yatumie lami, na njia ya ufukweni ibaki ya miguu na baiskeli. Magari yakihamia lami, njia ya chini inaweza hata kuwa tulivu kuliko mwanzo.

Tatizo ni matunzo. Njia isiyo na gari huwa haina msemaji pale bajeti zinapogawanywa. Mfereji ukiziba, maji ya mvua huchimba korongo, na misimu miwili mitatu inatosha kuifunga. Rwanda ina umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, ambayo inaweza kuzibua mifereji. Madaraja na kingo za mteremko zinahitaji fedha na fundi.

Waliotangulia

Wapo walioigeuza njia kama hii kuwa uchumi wa wakulima. Mkoa wa Otago, kusini mwa New Zealand, ni nchi ya kondoo. Reli yake ya ndani ilifungwa mwaka 1990. Mataruma yakang'olewa, tuta likamwagwa changarawe, na mwaka 2000 ikafunguliwa njia ya baiskeli ya kilomita 152 kati ya Middlemarch na Clyde, bila gari hata moja.

Vijiji vilivyokuwa vikipoteza watu vilipata wateja wapya. Familia za wafugaji ziligeuza vyumba vya ziada kuwa malazi, na wengine wakafungua migahawa na kukodisha baiskeli. Kondoo hawakuondoka. Baiskeli iliongeza kipato cha pili shambani.

Hatari zake

Asitokee mtu akaweka akiba yake yote hapa. Utalii ni biashara inayoshtuka haraka. Januari 2025 waasi wa M23 waliteka Goma, mji uliopakana na Rubavu, na makombora yakavuka mpaka na kuua watu. Februari wakaingia Bukavu, ng'ambo ya Rusizi. Njia nzima inaanzia jirani na mji mmoja na kuishia jirani na mwingine, na mtalii kabla ya kununua tiketi husoma habari.

Msimu nao una sauti. Mvua za Machi hadi Mei hugeuza udongo kuwa utelezi. Msafiri hupenda Juni hadi Septemba, wakati kahawa nyingi imeshachumwa. Kwa mkulima hilo lina nafuu, kwani mgeni anakuja kazi za uchumaji zikiwa zimepungua.

Kwa wasomaji wa Lushoto, Rungwe au Karagwe, ambako vilima, mazao na njia za vumbi vipo tele, somo la Kivu ni la kuanza kidogo. Chumba kimoja safi, chandarua, maji ya kuoga na choo kizuri hutangulia bango. Fundi wa kijiji awe na viraka, mnyororo na nyaya za breki. Na kabla ya yote, wanakijiji wakubaliane nani atazibua mfereji mvua ikianza, kwa sababu njia ikikatika, chumba hicho hakitapata mteja.