Nyaraka za Paulo (3): Aya Mbili Zisizotulia

Sarah Mullally alipoteuliwa Oktoba 2025 kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho, Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda alipinga kwa niaba ya GAFCON, mtandao wa Waanglikana wahafidhina: Waanglikana walio wengi, alisema, bado wanaamini kuwa Biblia inataka maaskofu wanaume. Mabishano ya namna hii hayakawii kufika 1 Wakorintho 14:34-35, wanawake na wanyamaze katika kanisa. Wanaozinukuu aya hizo kwa sauti ya juu ni nadra kuuliza zimefikaje hapo zilipo.

Maana aya hizi huhama. Katika mafunjo ya P46, ya mnamo mwaka 200, zinafuata aya ya 33 kama tulivyozoea. Fungua hati ya Claromontanus iliyoko Paris, uzikute mwisho wa sura, baada ya aya ya 40. Boernerianus ya Dresden ni vivyo hivyo. Maneno yaliyoanza pambizoni ndiyo yenye desturi hiyo: mnakili mmoja huyaingiza hapa, mwingine pale.

Nitakaa kidogo Fulda, Ujerumani, kwa kuwa hati ya huko naipenda kuliko zote. Aliyeiandikisha ni Viktori, askofu wa Capua, Italia, akaisoma mwenyewe na kutia tarehe kwa mkono wake: 546, kisha 547. Askofu mwenye waumini wa kuchunga, na bado anasahihisha Kilatini cha mnakili wake! Basi katika ukurasa wa sura yetu aya zote zimo, lakini chini, pambizoni, aya ya 36 hadi ya 40 zimeandikwa upya, na alama inazielekeza baada ya aya ya 33. Mtaalamu wa Agano Jipya Philip Payne anashikilia kwamba Viktori alitaka zile mbili zirukwe. Wapinzani wake wanasema alizihamisha tu.

Gordon Fee, mtaalamu wa Agano Jipya, Mpentekoste tena mtu wa kuyaheshimu Maandiko, aliandika mwaka 1987 kwamba Paulo hakuziandika. Katika 11:5 Paulo huyohuyo anamwelekeza mwanamke namna ya kusali na kuhutubu, yaani kutoa unabii; angemnyamazishaje sura tatu mbele? Jibu la upande wa pili ni zito: hakuna hati hata moja iliyosalia inayozikosa. Mimi naegemea kwa Fee, ila sitamwita mzushi asiyekubali.

Kuhusu Canterbury, aya hizi hata zikiondolewa, kesi haifungwi. Wapinzani watashika 1 Timotheo 2:12, na huko swali ni zito zaidi, kama waraka mzima ni wa Paulo. Mwanateolojia Mjerumani Friedrich Schleiermacher aliliuliza waziwazi mwaka 1807, na kwake ndiko tutakakoanzia sehemu ya nne.