Maji ya Msamvu huja kwa wimbi
Msamvu mjini Morogoro, zinapokutana barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, ni tambarare iliyokaa chini ya milima ya Uluguru. Kilele cha Lupanga kina mita 2,138. Mji wenyewe uko kwenye mita 500 hivi. Mvua kubwa ikipiga Uluguru, maji hushuka kwa kishindo, yakifika tambarare hupunguza mwendo, hujaa, kisha hutafuta pa kupenya chini ya barabara. Hesabu iliyozoeleka ya kusanifu mtaro huchukua kiasi kimoja tu cha maji, kile kikubwa kinachotarajiwa, kana kwamba kitapita vilevile mchana kutwa. Hiyo hutoa upana wa mtaro, basi. Haisemi maji yatafika baada ya muda gani, yatakaa juu kwa dakika ngapi, wala kalavati dogo litayarudisha nyuma mpaka nyumba ipi. Kwa mkazi wa bondeni, hayo ndiyo maswali yenyewe.

Mwaka 1871 Mfaransa Barré de Saint-Venant aliandika milinganyo miwili inayoyagusa maswali hayo: mmoja unahesabu maji yanayoingia na kutoka, mwingine unaeleza jinsi mteremko, kina na msuguano vinavyobadili kasi. Kwa mtaro wenye kona na makalavati, milinganyo hiyo haitatuliki kwa kalamu. Kompyuta huukata mtaro vipande vya mita chache, na muda vipande vya sekunde chache, ikakokotoa kina na kasi hatua kwa hatua. HEC-RAS, programu ya wahandisi wa jeshi la Marekani, hufanya kazi hiyo na hutolewa bure.

Kuna hoja kwamba mitaro huzibwa na taka na mchanga, hivyo chepeo ina faida zaidi kuliko kompyuta. Ni hoja nzito, ila uchafu nao huhesabika. Katika kipimo cha msuguano cha Manning, zege laini lina 0.013 hivi, mtaro wa udongo ulioota majani hufika 0.030 na zaidi, na kwa mteremko na kina kilekile kasi hushuka chini ya nusu. Ziba nusu ya kalavati ndani ya modeli hiyo ya kompyuta, nayo itaonyesha lipi lizibuliwe kwanza kabla ya masika. Gumu zaidi ni pingamizi la takwimu, maana modeli isiyolinganishwa na mafuriko halisi haiaminiki. Hilo nalikubali, na ndiyo sababu kazi ianzie kwenye vipimo. Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu na Chuo Kikuu cha Sokoine viko hapohapo Morogoro. Mvua inayosomwa mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi, haifichui wimbi la saa moja. Vinatakiwa vipimo vinavyojiandikia kila dakika tano, mlimani na kwenye makalavati ya Msamvu.