Pembe Zilizoilinda Fort Jesus

Msomaji ameuliza kama ni kweli Fort Jesus ya Mombasa ilijengwa kwa umbo la mtu aliyelala chali. Ukiitazama kwa juu, kichwa, mikono na miguu huonekana, na mchoraji wake, Mtaliano Giovanni Battista Cairati aliyewatumikia Wareno, alitoka katika zama ambazo wasanifu wa kwao walichukua vipimo vya mwili wa binadamu kuwa kigezo cha uzuri. Hata hivyo, viungo hivyo havikuwekwa kwa uzuri tu. Ngome hii, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilitegemea pembe zake kuliko unene wa kuta zake.

Mlinzi aliye juu ya ukuta hamwoni adui aliyejibanza chini kabisa, kwenye mguu wa ukuta huohuo. Akitaka kumwona lazima achungulie, na akichungulia anapigwa. Mnara wa duara haukuponya kasoro hiyo, kwa sababu mbele ya mviringo wake hubaki kipande kisichofikiwa na risasi ya upande wowote, na hapo adui huchimba na kutega baruti. Buruji yenye pembe, yaani sehemu ya ngome inayochomoza nje ya ukuta, hukifuta kipande hicho: nyuso zake zimenyooka, hivyo mzinga wa buruji jirani hupiga sambamba nazo, toka mwanzo hadi mwisho. Kinyozi hajinyoi, na buruji hali kadhalika. San Felipe, San Alberto, San Mateus na San Matias, buruji nne za Fort Jesus, ni vinyozi wanne walioketi kwa kunyoana. Kila mmoja kisogo chake kimo mikononi mwa mwenzake, na akiondoka mmoja, jirani zake wawili hubaki na upande usioguswa.

Atakayepinga atasema kwamba ngome ilitekwa. Ni kweli, lakini mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, Sultani wa Mombasa, aliichukua kutokea ndani, na Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, maradhi yakawamaliza walinzi kabla kuta hazijapandwa. Pembe huziba njia ya adui aliye mguuni mwa ukuta. Hazizibi njia ya usaliti wala ya homa. Kwa hiyo ukifika Mombasa, usishangae unene wa mawe ya matumbawe peke yake. Simama juu ya buruji moja, ufuate kwa jicho ukuta wa buruji ya pili hadi chini, nawe utaielewa hesabu ya Cairati.