Mgagani katika Mitaa ya Eastlands

Mgagani ni ua la mwituni ambalo wakazi wa Eastlands, jijini Nairobi, hulijua zaidi kama mboga. Hujiotea penye udongo uliovurugwa na wenye rutuba, hasa palipokuwa na zizi la ng'ombe, nao Abagusii huuita chinsaga, Wajaluo akeyo au dek, na Wakikuyu thageti, huku sokoni jina la saga likiwatosha wote. Linnaeus aliupa jina la Cleome gynandra mwaka 1753, na ukoo wake ni jirani wa karibu wa ule wa kabichi na sukuma wiki.

Jani lake hugawanyika vijani vitatu hadi saba vilivyotandazwa kama vidole vya kiganja, na shina lina vinywele vyenye ute unaonata na kutoa harufu kali. Ua lina petali nne, nyeupe au zenye urujuani hafifu, na stameni sita, yaani nyuzi zinazobeba chavua, ambazo hazikuota chini karibu na petali bali zimeinuliwa juu ya kikonyo kirefu pamoja na ovari, hivi kwamba huonekana zikielea hewani. Ni ua zuri mno, na ni masikitiko kwamba wachache huliona, kwa sababu mkulima hulikata likiwa tumba ili mmea uendelee kutoa majani.

Majani hayo ni machungu, na uchungu huo ndio uliozaa ustadi wa jikoni: mboga huchambuliwa, huchemshwa, hutiwa maziwa, kisha hulazwa chunguni na kupashwa moto tena siku inayofuata hadi ukali upungue. Miongoni mwa Abagusii mboga hii hupewa mama mjamzito, mama aliyejifungua na kijana aliyetoka kutahiriwa, kwa imani kwamba hurudisha damu iliyopotea. Nayo imani hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa majani yana madini ya chuma, kalisi na vitamini A na C, ijapokuwa hayachukui nafasi ya matibabu ya hospitali.

Desturi hizi zilihamia mjini pamoja na wenyewe. Katika mitaa ya zamani kama Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940 ikiwa na nafasi wazi kati ya nyumba, kipande cha ardhi kilitosha kwa mgagani, na leo hii mama mboga huuza mafungu yake pamoja na managu, terere na kunde. Kilimo cha mjini, ambacho kwa muda mrefu kilichukuliwa kuwa kosa, kilipata sheria yake ya kaunti mwaka 2015. Hata hivyo, mboga zinazomwagiliwa maji ya taka au kupandwa kando ya barabara kuu huweza kubeba madini ya sumu kama risasi, na mnunuzi ana haki ya kuuliza zilikotoka.

Mgagani huzaliana kwa mbegu pekee, ndogo na nyeusi, zinazokomaa ndani ya ganda jembamba baada ya ua kunyauka. Kwa hiyo kila mwenye kitalu, hata cha gunia mlangoni, aache mashina machache yachanue na kukauka, kisha amgawie jirani mbegu.