Australia: Dawa za moyo zipo, lakini haziwafikii Waaborijini kwa urahisi

Australia ni inchi tajiri, yenye hospitali za kisasa na waganga mabingwa wa moyo. Hata hivyo, Waaborijini, wakaaji wa kwanza wa inchi hiyo, wanapatwa na ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu kuliko raia wengine, na unawapata wakiwa bado na umri mdogo. Kwa raia wengine huo ni hasa ugonjwa wa wazee. Kati ya Waaborijini, unawakuta watu wa miaka 40 ambao wangali na watoto wa kulea.

Moyo kushindwa si moyo kusimama. Unapiga, lakini bila nguvu ya kutosha. Maji yanajaa katika mapafu, miguu inavimba, na mgonjwa hawezi kulala chali. Sherti ameze vidonge kila siku, mara nyingi kwa maisha yake yote, apunguze chumvi, ajipime uzito kila asubuhi ili ajue kama maji yanarudi mwilini, na afanyiwe ekografi ya moyo mara kwa mara. Kwa hiyo matunzo mengi yanafanyika nyumbani kuliko hospitalini, na hapo ndipo shida inaanzia.

Kwanza ni umbali. Wagonjwa wa Northern Territory wanaohitaji kupasuliwa moyo wanapelekwa majimbo mengine, mara nyingi Adelaide. Kutoka Alice Springs hadi huko ni karibu kilomita 1 500 kwa barabara, umbali unaokaribia ule wa Goma na Kinshasa kwa ndege. Katika vijiji vya mbali, mganga wa moyo anakuja kwa zamu tu. Kama siku hiyo mgonjwa yuko kwenye kilio cha ndugu yake, atangoje zamu nyingine. Kwenye karatasi ataandikwa kwamba hakufika, kana kwamba ni uzembe wake.

Halafu kuna lugha. Wengi wa vijiji hivyo wanaongea Kiwarlpiri, Kiyolngu au lugha nyingine, na Kiingereza kwao ni lugha ya pili, ya tatu au hata ya ine. Watafsiri wapo, lakini hawaitwi kila mara. Uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa wa figo wa kabila la Yolngu, na kutangazwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba mara nyingi mgonjwa na waganga hawakuelewana, na pande zote mbili hazikutambua jambo hilo. Mgonjwa aliitikia kwa kichwa, mganga akaendelea na kazi.

Tena kuna historia. Tangu karibu mwaka 1910 hadi miaka ya 1970, serikali na makanisa waliwanyang'anya Waaborijini watoto wao, wengine wakichukuliwa wangali wachanga hospitalini. Serikali iliomba msamaha tarehe 13 Februari 2008. Kwa bibi aliyeshuhudia mambo hayo, jengo la hospitali si mahali pa kupumzika. Wengine wanaondoka kabla matunzo hayajaisha, na wazee wengi wanaogopa kufia mbali na ardhi yao.

Hata mashauri ya waganga yana ugumu wake. Mtu anaambiwa asinywe maji mengi, huku joto linapita digrii 40. Anaambiwa aache chumvi, lakini katika duka pekee la kijiji mboga ni ghali, na vyakula vya mikebe ndivyo vimejaa.

Ubaya zaidi, sehemu ya magonjwa haya ingeweza kuzuiwa mapema. Homa ya rumatizimu, inayofuata maambukizi ya koo na labda ya ngozi yasiyotibiwa, inaharibu milango ya moyo wa mtoto. Sindano ya penisilini kila wiki nne, kwa miaka mingi, inazuia homa hiyo isirudi. Huko Doomadgee, katika jimbo la Queensland, wanawake watatu walikufa kwa ugonjwa huo kati ya mwaka 2019 na 2020. Mahakama iliyochunguza vifo hivyo ilitoa uamuzi wake mwaka 2023, na kati ya makosa iliyoyaona ni kwamba hospitali na kituo cha afya, katika mji huo mdogo, havikupashana habari za wagonjwa vizuri.

Mahali Waaborijini wanaposimamia vituo wao wenyewe, hali inakuwa tofauti: mhudumu anajua lugha, anajua nani ni shangazi wa nani, anakwenda hadi nyumbani. Kituo cha kwanza kilifunguliwa Redfern, mjini Sydney, mwaka 1971. Leo vinapita 140. Tangu mwaka 1999, wagonjwa wa vituo vya mbali wanapata dawa bila kulipa.

Kwa hesabu za miaka 2020 hadi 2022, mwanaume wa kiaborijini anatarajiwa kuishi miaka 71,9 na mwanamke 75,6, yaani zaidi ya miaka 8 chini ya raia wengine. Serikali imeahidi kuondoa tofauti hiyo kabla mwaka 2031 haujaisha.